Neno la Dirisha la Tisa

Saa moja na nusu asubuhi Magdalena Alute anafuta meza kwa kipande cha kanga, anachonga penseli mbili nyekundu kwa wembe, kisha anaketi. Mbele yake kuna bunda la karatasi za majibu lililofungwa kwa uzi wa katani. Anafungua fundo kwa meno. Mkono wa kushoto unalaza kadi juu ya karatasi ya kwanza na kuisogeza mpaka pembe zikae sawa, na macho yake yanaanza kushuka dirisha kwa dirisha.

Pata. Pata. Kosa. Pata.

Midomo inatikisika lakini sauti haitoki. Akifika chini anahesabu, anaandika jumla ndani ya duara, anageuza karatasi kifudifudi na kuvuta nyingine. Karatasi moja inamchukua dakika moja na nusu. Kufikia saa nane na nusu mchana, wakati wafanyakazi wanapotoka, atakuwa amegeuza karatasi mia mbili na hamsini au karibu na hapo.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya jiko la chuo kimoja cha elimu ya juu hapa Mwankoko, nje kidogo ya mji wa Singida. Kina dirisha moja, meza tatu, na kwenye kona kuna pipa la ganda la mti, kimo cha goti, limefunikwa kwa ungo. Tutarudi kwenye pipa hilo.

Wanafunzi wa chuo hiki ni watu wazima walio kazini: mabwana shamba, makatibu wa vijiji, watunza maduka ya ushirika. Wanasomea stashahada wakiwa makwao na kufanyia mitihani huko huko, kuanzia Mitundu hadi mpakani mwa Dodoma. Majibu yao ni ya neno moja au mawili, na huletwa hapa kwa posta. Matokeo yanaporudi huwa na mstari mmoja uliopigwa taipu chini kabisa: "Majibu haya yamesahihishwa kwa mtambo."

Mtambo huo ni Magdalena, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, pamoja na wenzake wawili, Dorika na Cecilia.

"Tukienda kunywa chai wapishi wanasema mashine imeshika moto, iacheni ipoe," anasema Dorika, ambaye ndiye mkubwa wao na ndiye msemaji. Magdalena anacheka kwa pua tu, macho yakiwa mezani. Ni mtu wa kuongea na meza. Ukitaka kusikia anachosema, inakubidi uvute kiti.

Kazi yao inategemea kadi. Ni karatasi ngumu, iliyokatwa kutoka kwenye makasha ya mashati yanayotupwa nyuma ya duka la Bhagwanji mjini. Imetobolewa madirisha ishirini, moja kwa kila swali. Juu ya kila dirisha limeandikwa kwa wino mweusi neno linalotakiwa. Kadi ikilazwa juu ya karatasi ya mwanafunzi, jibu lake linachungulia dirishani. Likifanana na neno lililo juu, amepata. Lisipofanana, amekosa. Hakuna nusu.

Aliyeleta utaratibu huu ni mwangalizi wa mitihani, Bwana Gaspari, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Zamani, anaeleza, wakufunzi walisahihisha wenyewe. Karatasi zilikaa miezi mitatu, na kila mwaka yalitoka malalamiko kwamba mkufunzi fulani amempendelea mtu wa kwao. Sasa karatasi elfu mbili na mia nne hupita mikononi mwa wanawake watatu, kila moja mara mbili, na kazi yote huisha kwa siku nane.

Alipotafuta wasahihishaji aliweka sharti moja. Awe anajua kusoma, lakini awe hakumaliza darasa la saba.

"Mwenye elimu anaanza kujiuliza mwanafunzi alitaka kusema nini," anasema Bwana Gaspari. "Hapo ndipo upendeleo unapoingia. Asiye na elimu hajiulizi. Analiona neno au halioni." Anayasema haya akiwa amesimama katikati ya meza zao, tena kwa sauti ya kuwasifu. Cecilia anaendelea kuhesabu. Magdalena anachonga penseli ambayo tayari imechongoka.

Kwa kazi hiyo wanalipwa shilingi tisa kwa siku, na siku za kusahihisha hazizidi arobaini kwa mwaka. Siku nyingine wanafagia.

*

Magdalena aliishia darasa la nne, huko kwao Sepuka. Enzi hizo mtihani wa darasa la nne ulikuwa chekeche. Wachache ndio waliopita kwenda la tano. Yeye na msichana mwingine walifungana alama, na nafasi ilikuwa moja. Mkaguzi akawasimamisha mbele ya darasa awaulize swali la mdomo. Akaanza na Magdalena: mvua inapimwa kwa chombo gani?

Alikijua. Kilikuwa nje ya dirisha la darasa, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akitumwa na mwalimu kukisoma asubuhi. Lakini mkaguzi alikuwa amemkaribia sana, na watu wote walikuwa wanamtazama. Aliangalia vidole vya miguu yake. Mkaguzi alisubiri kidogo, akaandika kitu kwenye daftari lake, akamgeukia yule mwingine.

"Kipimamvua," anasema leo, miaka kumi na miwili baadaye, kama bado anaulizwa. "Nililijibu njiani nikirudi nyumbani."

Baada ya hapo alilima na mama yake. Kusoma hakukumtoka, kwa sababu alisoma kila karatasi iliyofungiwa sukari na chumvi, mpaka mama yake akawa anamtuma dukani akijua atachelewa. Ndiyo maana, chuo kilipotangaza kibarua cha watu wanaojua kusoma lakini hawakusoma sana, kaka yake alimwambia kwamba tangazo hilo limeandikwa kwa jina lake.

Alikipenda chumba kile. Hakuna aliyemtaka aseme. Neno lipo au halipo, na mkono unajibu. Kwa mwaka mzima na nusu, anakiri, aliona kwamba Mungu amempa kazi inayomfaa mtu kama yeye.

Kisha ikaja Novemba ya mwaka jana, na mtihani wa Hifadhi ya Mazao.

Swali la tisa liliuliza hivi: "Baada ya kupura, mkulima huhifadhi mtama wake ndani ya nini? Jibu kwa neno moja." Juu ya dirisha la tisa kadi ilisema GHALA.

Karatasi za mwanzo zilipita. Ghala, ghala, gunia, ghala. Halafu dirishani likachungulia neno lililomfanya atabasamu kabla hajajua anatabasamu nini. Kilindo.

Kwa mtu wa Singida neno hilo halina haja ya maelezo. Kwa wasomaji wa mbali, kilindo ni pipa linalotengenezwa kwa ganda zima la mti, likashonwa kwa kamba za miti na kuwekewa kitako. Kikubwa humpita mtu mzima kimo. Hukaa ndani ya nyumba, karibu na moto, ili moshi ufukuze wadudu. Mtama unamiminwa, mdomo unafunikwa na kuzibwa kwa samadi iliyochanganywa na jivu, na hapo chakula cha mwaka kimelala. Magdalena alizaliwa ndani ya nyumba yenye kilindo. Alilala ubavuni mwake. Mama yake alipopanda kigoda na kuinama kwenye mdomo wa kilindo kuchota, watoto walijua kwa sauti ya kibuyu kukwaruza chini kwamba mwezi wa njaa umefika au bado.

Alitazama dirisha la tisa. Neno lililo juu lilikuwa ghala. Akapiga kosa.

Baada ya karatasi chache likatokea tena, kwa mwandiko mwingine. Akapiga kosa. Siku ya pili alianza kufunga fundo kwenye uzi wa katani kila alipolikuta. Hakumwambia mtu. Bunda la mwisho lilipokwisha, alikuwa na mafundo arobaini na moja, na uzi ule aliuweka ndani ya mto wa kulalia.

Alipoulizwa kwa nini alikata jibu analolijua kuwa ni la kweli, alisawazisha kwanza pembe za kadi. "Halikuwa kwenye kadi," alisema.

*

Januari, mwanamume mmoja aliyevaa viatu vyenye vumbi la safari alisimama nje ya dirisha la chumba kile akabisha hodi. Jina lake ni Ezekieli. Ni bwana shamba wa kijiji, na alikuwa mwaka wa kwanza wa stashahada. Kupita ilitakiwa alama kumi na mbili kati ya ishirini. Yeye alipata kumi na moja. Kwa alama hiyo moja nafasi yake ya mwaka wa pili ilikwenda kwa mwingine, na idara yake ikamwandikia kwamba ruhusa ya masomo haitatolewa mara ya pili.

Hakuja kugomba. Alikuja kuuona mtambo. Alikuwa amefikiri njia nzima kwamba huenda una hitilafu ndogo, kama redio inavyopoteza stesheni, na kwamba akimwomba fundi kwa adabu ataufungua na kuutazama.

"Mtambo uko wapi, dada zangu?" aliuliza.

Dorika aliangua kicheko. Kisha akamwona uso, akakikatiza katikati. "Ndio sisi, kaka," alimwambia.

Ezekieli aliwatazama mmoja mmoja. Akaitazama kadi iliyokuwa mezani, na wanawake wakaifunika kwa mikono, maana hairuhusiwi kuonwa. Mwishowe akamgeukia Magdalena, ambaye alikuwa amemwitikia salamu kwa namna ya watu wa kwao.

"Wewe ni mtu wa wapi, dada?"

"Sepuka."

"Huko kwenu mtama mnauweka ndani ya nini?"

Magdalena aliangalia miguu yake. Ezekieli alisubiri. Cecilia anakumbuka kwamba alisubiri sana, mpaka maji ya chai yakachemka yakafurika jikoni na hakuna aliyekwenda kuyaepua.

"Kilindo," Magdalena alisema.

"Basi," alisema Ezekieli. Akawashukuru, akaaga, akaondoka. Amerudi kijijini kwake na anaendelea kuwapimia wakulima nafasi za mistari kwa kamba.

"Angenitukana ningelala," anasema Magdalena.

Usiku wa siku hiyo na wa siku iliyofuata hakulala. Siku ya tatu, kwa kuwa mdomo haukukubali, aliandika. Nyuma ya karatasi iliyoharibika aliandika mistari minne: kwamba kilindo ni chombo cha kuwekea mtama, kwamba waliokiandika ni arobaini na mmoja, kwamba anaomba watazamwe upya, na kwamba ni yeye Magdalena. Aliiacha mezani kwa Bwana Gaspari kabla hajafika, kisha akaenda kujificha uani akisingizia kufagia.

Bwana Gaspari aliipeleka kwa mkufunzi aliyetunga mtihani. Mkufunzi huyo ni mtu wa mkoa mwingine, na hakuwa amewahi kuingia ndani ya nyumba ya mkulima wa hapa. Neno alilolijua yeye ni lindo, mahali pa kukaa zamu. Kwa hesabu yake, kilindo kitakuwa ni lindo dogo.

"Kumbe mtama wa Singida unalindwa na mgambo," alisema, na ofisi nzima ikacheka. Maneno hayo hayakukaa ofisini. Kwa zaidi ya mwezi mmoja, wapishi na hata baadhi ya wanafunzi waliokuja mafunzo ya likizo walikuwa wakimpigia Magdalena saluti na kumuuliza kama bunduki yake ni safi.

Jumamosi moja aliomba ruhusa, akapanda lori kwenda kwa mama yake.

*

Mama yake hakai tena kwenye boma la zamani. Mwaka 1974, wakati wa kuhamia vijijini, lori lilifika asubuhi na kuchukua watu, mbuzi, milango na mabati mawili waliyokuwa nayo. Kilindo kikubwa hakikupita mlangoni. Kilikuwa kimeingizwa kabla ukuta haujafungwa, kama wengi walivyofanya, na kukitoa kungetaka kubomoa upande mmoja. Dereva alikuwa na safari nyingine tatu siku ile. Mama alikiziba vizuri, akakiacha pale kikiwa na mtama nusu, akisema atarudi.

Alirudi baada ya majuma matatu. Nyumba iliyoezuliwa haizuii mvua. Mtama ulikuwa umeota ndani kwa ndani, na majani mabichi yalikuwa yamepenya kwenye mishono, yametoka nje kila upande.

Leo mama huyo ana nyumba ndogo iliyonyooka kwenye mstari na nyingine, na chumba chake hakina mahali pa kilindo. Anachovuna anakipeleka kwenye ghala la kijiji, ambalo ufunguo wake anao katibu. Siku katibu akiwa mkutanoni, mama anakopa unga kwa jirani.

Kilichobaki kwake kilikuwa kilindo kimoja kidogo, cha kuwekea mbegu. Magdalena alipokiomba hakuulizwa cha nini. Mama alimwaga mbegu kwenye sufuria, akakipangusa kwa upindo wa kanga, akampa. Alikibeba kichwani hadi barabarani, akakipakata ndani ya lori, na Jumatatu asubuhi kilikuwa juu ya meza ya Bwana Gaspari.

"Shikamoo, Bwana Gaspari," alisema Magdalena. "Ndicho hiki."

Wenzake wanasema hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia mkubwa huyo.

Bwana Gaspari alikigonga kwa kidole, akakinusa, akakisifu. Hakucheka tena, na kwa haki yake lazima isemwe kwamba alilipeleka jambo hilo kwenye kikao. Kikao kilikubali kwamba chombo kipo. Kikaamua kwamba matokeo yaliyokwisha tangazwa hayaguswi, kwa kuwa ukifungua karatasi arobaini na moja kesho utatakiwa ufungue elfu moja. Kuhusu kadi za mbele, suala litatazamwa.

"Nikiongeza neno la Kinyaturu leo, kesho nitaombwa la Kigogo na la Kinyiramba," anasema Bwana Gaspari. "Kadi itakuwa matundu matupu."

Magdalena, alipoelezwa hayo, alinyanyua uso kwa mara ya kwanza. "Lakini hicho ni Kiswahili," alisema. "Sisi kwa Kiswahili ndivyo tunavyokiita."

Kilindo hakikurudi Sepuka. Kilisukumwa kwenye kona ya chumba cha kusahihishia kikakaa hapo. Mwezi wa tatu mchwa waliingia kabatini wakatafuna mabunda mawili ya majibu. Bwana Gaspari alitazama huku na huku akaona kwamba kitu pekee ambacho mchwa hawakukigusa ni lile ganda lililokaushwa na moshi wa miaka mingi. Akaagiza karatasi muhimu zihifadhiwe humo.

Ndilo pipa lililo kwenye kona. Ukiinua ungo utayakuta mabunda yamejipanga, makavu, hayana hata tundu la mdudu. Ya chini kabisa ni ya Hifadhi ya Mazao, Novemba. Bwana Gaspari hukiita "hicho chombo chako." Zile karatasi arobaini na moja zilizokosa alama kwa kuandika kilindo zimehifadhiwa ndani ya kilindo.

*

Mwaka huu chuo kimefungua mlango kwa wafanyakazi wa ngazi zote. Yeyote, hata asiye na cheti, anaweza kufanya mtihani wa kuingia kozi ya awali ya mwaka mmoja, na akifaulu humo anaanza stashahada. Bwana Gaspari mwenyewe ndiye aliyemchukulia Magdalena fomu. Alimwambia kwamba ana kichwa kizuri na kwamba itakuwa aibu kukiacha kikae kwenye madirisha.

Alisoma miezi minne kwa kibatari. Dorika alimfanyia zamu za kufagia. Mtihani ulikuwa Juni, katika ukumbi wa chuo, watu mia moja na sita. Kupita ilikuwa kumi na mbili kati ya ishirini, kama kawaida. Karatasi hazina majina, zina namba tu.

Maswali kadhaa yalikuwa yamechukuliwa kutoka mitihani ya nyuma. La tisa lilikuwa lile lile.

Katika watu mia moja na sita waliokuwa ukumbini, mmoja tu alijua kwa hakika ni neno gani limeandikwa juu ya dirisha la tisa. Aliligusa kwa kidole karatasi kwa karatasi kwa siku nane.

"Mkono uliandika G," anasema Magdalena. "Nikautazama. Nikamwona yule kaka amesimama dirishani. Nikafuta."

Akaandika kilindo.

Siku tatu baadaye karatasi zililetwa kwenye chumba cha nyuma ya jiko. Magdalena aliondolewa, akapelekwa kusaidia jikoni mpaka kazi iishe. Bunda lenye karatasi yake lilimwangukia Dorika.

Dorika hakuijua kwa namba, wala kwa mwandiko, ambao Magdalena alikuwa ameunyoosha kuliko kawaida. Aliijua kwa dirisha la tisa. Chini ya neno kilindo ilionekana G iliyofutwa vibaya.

"Nani mwingine angeanza na G akaacha?" anauliza Dorika. "Nilishika penseli nikakaa. Nilifikiri hata kuliruka. Lakini karatasi zinapita mara mbili, Cecilia angelikata, na mimi ningefukuzwa. Nina watoto wanne. Nilikata."

Alihesabu. Ilitoka kumi na moja. Akahesabu tena kuanzia chini kwenda juu, jambo ambalo hawafanyi, ikatoka kumi na moja.

Jioni alimfuata mwenzake kwenye masufuria akamwambia kabla matokeo hayajatangazwa. Magdalena aliendelea kusugua. Alimwambia Dorika kwamba hata yeye angekata. Dorika anasema maneno hayo yalimuuma kuliko kama angemtupia maji ya sufuria.

Barua ya matokeo ilikuja kwa posta, ingawa kutoka ofisi ya chuo hadi jikoni ni hatua sitini. Chini yake kulikuwa na mstari ule ule, kwamba majibu yamesahihishwa kwa mtambo.

*

Asubuhi hii ni ya kwanza ya msimu mpya wa Novemba, na kadi mpya zimefika. Suala la dirisha la tisa lilitazamwa kama ilivyoahidiwa. Wakufunzi walikubaliana kwamba neno moja ni dhiki kwa mwanafunzi, wakaongeza la pili. Sasa kadi inasema GHALA au BOHARI.

Magdalena aliisoma akiwa amesimama, akaiweka mezani, akaketi. Saa tatu alikuwa amekwisha geuza karatasi hamsini na tano. Uzi mpya wa katani uko mapajani mwake, na tayari una mafundo mawili.

Amejiandikisha tena kwa mtihani wa Juni ijayo. Dorika amekwisha muonya, nusu kwa utani na nusu kwa kweli.

"Ukiandika tena nitakata tena, mdogo wangu. Na safari hii utakuwa umekosa kweli. Mama yako mtama si anaweka ghalani?"

Magdalena alifikiria jambo hilo siku nyingi, kwa sababu ni kweli. Nyumba yao haina kilindo. Anayeandika kilindo leo anaandika cha mwaka juzi.

Kwa hiyo ana mpango. Mitundu yuko mjomba wake, Antipasi, mmoja wa wachache ambao bado wanabandua maganda ya vilindo. Kazi hiyo haifanyiki kiangazi. Ganda hukubali kuachia mti mvua zikishanyesha na utomvu ukapanda. Magdalena ameomba likizo ya Januari. Atakwenda kushika upande wa pili wa ganda wakati mjomba akishona, na watakileta Sepuka kwa lori. Kaka yake amekubali kubomoa ukuta wa nyumba ya mama, upande usiotazama barabara, kukiingiza, na kuujenga upya siku hiyo hiyo.

Anaulizwa kama hayo yote ni kwa ajili ya alama moja.

Anashusha kadi juu ya karatasi nyingine, anasawazisha pembe. Safari hii anajibu bila kusubiri kuulizwa mara ya pili, ingawa ni kwa sauti ya chini na ni meza inayoambiwa.

"Alama watakata," anasema. "Nataka tu Juni nikiliandika liwe jibu la kweli."

Dirisha la tisa linafika. Anatazama, anapiga kosa, na kidole chake kinafunga fundo la tatu.